Rangi ya Mtungi

Mwanangu alizaliwa na ualbino, na mimi nilikuwa fundi wa friji Tunduma. Mambo hayo mawili niliishi nayo miaka kadhaa bila kuyaunganisha. Kabla ya kujaza friji, kila fundi niliyemjua alikata mrija akaiacha gesi ya zamani ifoke hewani mpaka iishe. Nami nilifanya hivyohivyo, nikipiga soga na wapita njia.

Kisha nikaenda semina ya siku tatu Mbeya, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliodhani nimekuja kupika chai. Mwalimu akasema gesi yetu, ile tuliyoiita kumi na mbili, haipotei ikitoka kwenye mrija. Hupanda polepole, miaka na miaka, hadi juu kabisa, na huko klorini yake hula tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nyumbani nilikuwa nimemwacha mtoto wa miaka sita mwenye vidonda midomoni, ambaye jua la saa nne tu lilitosha kumbabua mabega. Nilimfuata mwalimu wakati wa chai nikamuuliza kama ni mimi niliyemchoma. Akanijibu kwa upole kwamba hapana, jua la kwetu lingemchoma hata kama gesi hii isingetengenezwa kamwe. Kichwa kilimwelewa. Moyo haukutaka kusikia, nikaapa sitaifungulia tena.

Gesi mpya, isiyo na klorini, ilikuwa adimu kwetu. Aliyenitafutia ni mdogo wangu wa kiume, aliyeoa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Yeye ndiye mtu pekee niliyemsimulia yale ya semina, tena nikilia. Alileta mitungi asubuhi moja, akaingia akinisalimu kwa Kibemba chake cha ukweni: "Mwashibukeni, ba sista!" Akanitania kwamba siku hizi naringa, sigusi gesi ya wanyonge. Kwetu mzigo wa ndugu haukaguliwi mbele yake. Kuufungua na kuuchunguza ni kumwita mwizi. Nikapokea kwa mikono miwili.

Isitoshe, mafundi tulisoma mtungi kwa rangi. Mweupe ni kumi na mbili, wa bluu iliyopauka ni gesi mpya. Yake ilikuwa ya bluu. Geji nayo haikunionya, maana presha za gesi hizo mbili zinakaribiana mno. Miaka miwili nilijaza friji kuanzia Mpemba hadi Ihanda, nikijisifu mpaka kanisani. Na kwa kuwa niliamini haidhuru ozoni, niliimwaga bila wasiwasi, hata kusafishia mirija.

Siku moja nilikuwa nikitafuta uvujaji kwenye friji kuukuu kwa taa yangu ya zamani. Taa ile ya moto ilivuta hewa kwa mpira wake, kama inayonusa: ikikuta gesi yenye klorini, moto hugeuka kijani, gesi mpya haiugeuzi. Niliiacha ikiwaka nikafungua mtungi wa mdogo wangu. Moto ukawa kijani. Nikajisemea ni mabaki ya friji ile. Nikatoka na taa na mtungi hadi nyuma ya karakana, penye upepo, nikafungua tena kidogo. Kijani kibichi, kama jani la mhindi. Nikachukua kisu nikaukwangua ule mtungi. Chini ya bluu kulikuwa na nyeupe.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Hasira ilichelewa, kilichotangulia ni aibu, nikikumbuka kila mrija nilioupuliza huku nikiimba.

Alipokuja wiki ile nilimwonyesha pale nilipokwangua.

"Umepaka wewe, au nawe uliuziwa hivi?"

"Dada, friji zinagandisha au hazigandishi?"

"Nimekuuliza swali."

"Nimepaka mimi. Ile mpya haikupatikana. Ungekaa bila kazi. Na hilo tundu lako la angani, nani amewahi kuliona?"

"Si ungeniambia tu kwamba haipatikani?"

"Ungekataa," akasema.

Hilo liliniuma kuliko rangi yenyewe. Angekuwa mlanguzi wa njia za panya, ningemtukana nikasahau. Huyu nilimbeba mgongoni. Alijua vizuri ninachokikimbia, kisha akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka miwili mizima, akila ugali wangu.

Mitungi miwili ilikuwa bado imejaa. Akasema kama siitaki nimpe, kuna fundi kule Vwawa anaisubiri. Nikasimama mlangoni, nikamwambia haitoki hapa. Tukatazamana kama watu wa kesi.

Mara mwanangu akatoka ndani mbio, kichwa wazi, akimwita mjomba wake. Mdogo wangu akavua koti haraka, akamfunika kichwa na mabega, akamsukuma taratibu kuelekea kivulini.

"Ingia ndani, mwanangu," akamwambia. "Jua la siku hizi si la kuchezea."

Alisema kwa upendo wa kweli, nami ningeapa hivyo mbele ya mtu yeyote. Ndiyo maana sijaweza kumsamehe.