Walipomnyima Binti Yangu Maji

Sijawahi kuwa mwanamke mpole, na sitaanza leo. Nilipokuwa nikiishi kwa wakwe zangu, kijijini Sapiwi, nilimpasua mume wangu kichwa kwa mwiko wa ugali. Nikikumbuka sababu yake, mkono bado unaniwasha.

Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Miguu ilianza kumuuma, ukafuata mgongo, halafu mifupa yote. Ukimgusa tu, analia. Kisha ikaja kiu. Alikunywa maji kopo kwa kopo, akakojoa kutwa nzima, akalowesha ngozi aliyolalia, na hapo hapo akaomba tena: "Mayu, minzi." Mama, maji. Chakula alikitapika, na choo kikubwa kikawa hakipatikani.

Kwetu sisi wafugaji, mfupa ukiuma dawa yake ni maziwa. Hakuna anayebisha. Mama mkwe akamtengea mjukuu wake maziwa ya ng'ombe mmoja, na mtu mwingine asiyaguse. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, malori ya wanunuzi binafsi yakigombea pamba yetu, na Bariadi mjini maduka ya dawa yakiota kama uyoga. Mume wangu akarudi kutoka huko na kopo la vidonge vyeupe vya kalsiamu. Muuzaji alimhakikishia vinajenga mifupa. Muuzaji mwenyewe msimu uliopita alikuwa akiuza viatu.

Mama mkwe alipoona mkojo ule mwingi, akaamua kwamba maji yanayasomba maziwa yote kabla hayajafika kwenye mifupa.

"Maji basi," akasema. "Mgonjwa haulizwi."

Mtungi ukahamishiwa nyumbani kwake.

Midomo ya mtoto ikakauka, ikapasuka. Siku moja nilikuwa nimempakata, akanilamba jasho mkononi. Nilitamani kuichoma moto ile nyumba na wote waliokuwamo. Nikaiba maji, nikamnywesha jikoni, na hapo ndipo mume wangu aliponikuta. Alikuwa na fimbo ya kuchungia.

"Unamuua mwanangu!" Kila pigo na neno lake. "Unamuua! Unamuua!"

Jicho moja likavimba, likaziba. Kwa lile lililobaki niliuona mwiko, nikaushika kwa mikono miwili, nikampiga nao mpaka damu ikamwingia machoni. Mama mkwe akapiga mwano, lile yowe la kuita kijiji, na wanaume wakaja mbio na marungu. Walitukuta tumekabana shingo. Mtoto alikuwa ameketi pembeni akizungumza na ndama ambao hawakuwapo. Nilimwita, akanitazama kama mgeni. Mume wangu naye akamwita. Vilevile.

Hapo tukaachiana. Lori la pamba likatubeba na mtoto mpaka hospitali Mwanza, mimi na jicho langu, mume wangu amefungwa khanga yangu kichwani.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alipima damu, akarudi akatukalisha.

"Mtoto ana kansa ya damu," akasema. "Inaila mifupa, na kalsiamu ya mifupa inamwagika kwenye damu. Ndiyo maana anakojoa sana, ana kiu, na sasa akili zimemchanganyika."

"Lakini tumempa maziwa," mume wangu akasema. "Na vidonge vya hiyo hiyo kalsiamu."

"Baba, kansa hamkuileta nyinyi. Ila maziwa na vidonge, acheni. Alichokuwa anahitaji ni maji."

Wakamtundikia dripu, chupa baada ya chupa, na sindano za dawa juu yake. Nilimkodolea macho usiku na mchana. Pole pole akaacha kuongea na ndama. Asubuhi moja akafumbua macho, akaniita mayu, akaninyooshea kidole usoni.

"Nani kakupiga?"

Baba yake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Nikamgeukia. Nilitaka aseme mwenyewe.

"Mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Alikuwa anakupa maji."

Alimtazama baba yake, yule mtoto mdogo asiye hata na nguvu ya kuinua kichwa.

"Toka nje."

Akatoka. Kila asubuhi alikuja na uji, akabisha hodi, na binti yake akageukia ukutani. Nilipokea uji mlangoni, nikafunga mlango.

Kalsiamu ilishuka, kansa haikushuka. Alikufa mikononi mwangu mvua za vuli zilipoanza, baba yake akiwa barazani, hatua chache kutoka kitandani. Ndugu za mume wangu wananilaumu mpaka leo: kwa nini hukumwita akaagana na mwanawe? Nawajibu bila kupepesa macho. Mtoto alikuwa na akili zake timamu, na aliyemtoa baba yake nje ni yeye.