Blenda ya Eshati na Harusi Isiyokuwepo

Kuna watu Mutsamudu ambao mpaka leo wakiniona huinamisha uso wapate kucheka kwa adabu, na mimi siwalaumu, kwa sababu walinikuta mchana kweupe, siku ya Ijumaa, nimejitanda shiromani ya mke wangu (ile nguo ya wanawake wa Nzwani, wanayojifunika toka kichwani), mtoto mapajani, nikiimbia blenda. Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana ukiusikia mkasa huu kwa wengine utaambiwa nilikuwa nacheza ngoma, na wallahi sikucheza.

Mimi ni mtu wa Moroni, kisiwa cha Ngazidja. Uhuru ulipokuja nilikuwa karani serikalini, na mwalimu mmoja Mfaransa, jirani yetu, alipofungasha kurudi kwao aliniachia blenda yake ya umeme, kitu kizito chenye sauti ya pikipiki mbovu. Haukupita muda mrefu serikali ya mapinduzi ikaturudisha makarani majumbani, ofisi zikafungwa, basi nikaibeba blenda yangu nikavuka bahari kwenda Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kwa mke wangu Zaliha. Nasema kwa mke wangu kwa sababu kwetu Komoro nyumba ni ya mwanamke, mume ni mtu aliyekaribishwa, na aliyekaribishwa akiwa hana kazi hujifunza upesi kushika ufagio.

Zaliha akaanza kupika mikate ya sinia ya kuuza, mchele uliolowekwa ukisagwa pamoja na tui, na blenda ile ndiyo iliyotulisha. Shida ilikuwa binti yetu Eshati, aliyekuwa hata kutambaa hajajua vizuri. Mashine ikinguruma tu analia mpaka pumzi inamkatika, midomo inabadilika rangi, kisha kimya, kimya cha kukutoa roho, ndipo anavuta pumzi tena. Siku moja hayo yalitokea mbele ya mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi kijiji cha Patsy, huko juu mlimani, na umeme kwake ulikuwa haujafika.

"Mwanangu," akaniambia taratibu (mama mkwe hakuwa mtu wa kugombana na mkwe, na hilo ndilo lililokuwa likinitisha), "mashine inawalisha, siwezi kukwambia uitupe. Ijumaa nikishuka nitamchukua mtoto, akae na mimi mpaka apate akili kidogo."

Zaliha akaanza kukunja nguo za mtoto, nikajua anakubaliana naye. Mimi sikuwa na ofisi, sikuwa na mshahara, nyumba si yangu, nilichokuwa nacho ni kile kitoto kinacholala kimenishika sikio. Nikaomba waniachie mpaka hiyo Ijumaa nijaribu kumzoesha, na mama mkwe akacheka kidogo, akasema jaribu, baba.

Basi kila Zaliha akitoka kupeleka mikate, mimi na Eshati tunaingia darasani. Kwanza nilimpa blenda imezimwa, haina waya, akaipiga kwa kijiko, akailamba, akailalia, mpaka akaiona kama chombo cha nyumbani tu. Baadaye nikawa naiwasha chumba cha mwisho, milango imefungwa, yeye nimemkalisha kule mbele. Nilikuwa naiwasha kidogo, nakimbia kwake, namwimbia, narudi kuizima, nakimbia tena (mtu mzima, karani mstaafu kwa lazima, najikwaa kwenye mikeka). Akikunja uso nasimama hapo hapo, siendi mbele. Akitulia, naisogeza mashine karibu kidogo. Na nikagundua kwamba nikijitanda shiromani ya mama yake, yenye harufu ya mama yake, hatishiki haraka, basi nikawa najitanda, kwani nani ananiona.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Blenda haifai kuzungushwa tupu, inachemka, na mchele ulikuwa wa biashara, kwa hiyo nikachukua iliki, karafuu na mdalasini vilivyokuwa jikoni nikavitia humo, nikawa navisaga vile vile kila siku, vikisagika navisaga tena, mpaka harufu ikajaa nyumba, ikatoka dirishani, ikateremka kichochoro kizima. Nikaona aibu kusumbua watu, nikafunga madirisha. Kelele bado zilikuwa nyingi, nikaenda kwa jirani yetu Bi Salima kumwazima sufuria lake kubwa la shughuli, nililitaka nitie mashine ndani sauti ipungue.

Bi Salima akanitazama, akalitazama sufuria. "Kwenu kuna nini, shemeji?"

Ningemwambia kweli hapo, yasingetokea yaliyotokea. Lakini utamwambiaje mwanamke wa watu kwamba wewe mwanamume na kikofia chako unashinda ndani unabembeleza mtoto na mashine? Nikasema, "Hakuna kitu, mambo ya ndani tu," na ili yaishe nikatabasamu.

Sasa nyie mjue Mutsamudu. Vichochoro vyembamba, jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani. Nyumba inayosaga viungo siku baada ya siku, imefunga madirisha, imeazima sufuria la shughuli, na mwenyewe anasema hakuna kitu huku anatabasamu, nyumba hiyo ina harusi. Na nilikuwa sijamfanyia Zaliha harusi kubwa, ile ya dhahabu na karamu za siku nyingi, ambayo mwanamume wa kwetu anaweza kuifanya hata akiwa na wajukuu, na mpaka aifanye watu wanamhesabu bado kijana. Serikali ya wakati ule ilikuwa imezipiga marufuku, eti zinafilisi watu. Watu wakakata shauri kwamba Mngazidja wa watu ameona haya hatimaye, anaifanya kwa siri.

Ijumaa ikafika, na lilikuwa limebaki somo moja tu: blenda ndani ya chumba kile kile tulichokaa. Zaliha hakuwepo. Watu wametoka msikitini. Nikajitanda shiromani, nikampakata Eshati, nikanyoosha mkono nikaiwasha huku naimba kwa sauti kuishinda mashine, na sikusikia mlango ukigongwa, wala ukifunguliwa.

Nilipoinua macho nikamwona Nurdini, kijana aliyekuwa mkubwa wa kamati ya mapinduzi ya mtaa, ambayo siku hizo ilikuwa na ruhusa ya kuingia nyumba yoyote, na wenzake nyuma yake. Nyuma yao Bi Salima na wanawake wa mtaa wamevaa nguo za shughuli, wamejipaka msindano, ule msandali wa usoni. Na katikati yao, Mungu anisitiri, mama mkwe wangu na dada zake kutoka Patsy, dhahabu shingoni, nyuso zinang'aa kwa furaha. Habari ilikuwa imepanda mlima.

Nikaizima blenda.

"Harusi iko wapi?" akauliza Nurdini.

"Hakuna harusi."

"Na hizo nguo?"

Nikaeleza. Nikaeleza yote, jasho linanitiririka chini ya shiromani, iliki, sufuria, mtoto na pumzi zake, mbele ya kadamnasi iliyojaa mpaka kichochoroni, na kila nikieleza naona uso wa mama mkwe unazimika kidogo kidogo, hilo liliniuma kuliko vicheko. Nurdini hakuamini. Akasema nitaongozana nao mpaka kamatini, akanyoosha mkono mwenyewe akaiwasha mashine aone ina nini.

Ikanguruma. Nikamkumbatia Eshati kifuani nikangoja kilio, nikangoja ile midomo ibadilike. Mtoto akaigeukia blenda, akaitazama, kisha akaanza kupiga mapaja yangu kwa viganja kama anavyofanya akiombwa kuimba. Hakulia. Aliyelia ni mimi, nililia kwa kwikwi mbele ya mtaa mzima na kamati ya mapinduzi, na sikuona haya hata kidogo, haya zilikuja kesho yake.

Nurdini akaizima, akanusa ndani, akasema, "Twendeni," wakaenda. Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo jirani akiniuliza kwetu kuna nini, namweleza mpaka anatafuta njia ya kuondoka.

Mama mkwe alibaki wa mwisho. Alimchukua Eshati, akambusu, nikadhani anaondoka naye, kisha akanirudishia.

"Mtoto nakuachia, umemweza," akasema, huku anavua mikufu yake mmoja mmoja anaifunga kwenye leso. "Lakini leo nimepanda gari la watu na dhahabu yangu, nimewaaga Patsy nzima. Serikali zinabadilika, mwanangu. Mimi nangoja."