Jumuiya wameniletea unga

Leo jumuiya yetu ya kanisani imeniletea msaada wa chakula. Mimi, mwalimu, na mshahara naupata!

Tangu mwaka uanze tunabana matumizi ili tumalize mkopo wa nyumba mapema. Nyama hakuna, sukari hakuna. Asubuhi michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, jioni michembe. Kumbe watoto wanadoea kwa majirani.

Mama mwenyekiti kanishika mkono: "Mwanangu, ungesema tu."

Ningesemaje, jamani, chini ya bati jipya la rangi?

Kilichonimaliza ni aliyebeba ndoo ya unga. Ni mama aliyekuwa akinifulia nguo, niliyemwachisha kazi mwezi uliopita ili kupunguza gharama.

Watoto walishaikodolea macho ile ndoo.

Nikapokea.

Semeni nyie, Jumapili namwangaliaje usoni?