Mtoto Niliyeambiwa Yuko Sawa

Kanisani kwetu nimeitwa mbele mara kadhaa nitoe ushuhuda, na kila mara nimebaki nimekaa. Si kwamba sina shukrani. Ushuhuda wa kusimama hupewa dakika chache, na mtu hulazimika kurukia mwisho: niliugua, nikaombewa, nikapona. Mimi nilikaa katikati muda mrefu. Kwa hiyo nimeamua kuandika, kwa ajili ya yule ambaye yuko hapo katikati sasa hivi na kila anayemtembelea anamwambia mambo yako sawa.

Nilimaliza chuo kikuu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nikapata kazi ya kufundisha historia katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mimi na mume wangu, Shivachi, tulipanga nyumba katika mtaa wa Amalemba. Nilikuwa mtu wa kuuliza maswali. Nilimuuliza mhubiri, nilimuuliza chifu, nilimuuliza mwalimu mkuu mpaka akawa ananikwepa. Shivachi alizoea kusema, "Ayuma, wewe hata ukiambiwa kunanyesha, lazima utoke nje uhakikishe." Kweli, nilikuwa natoka.

Karibu nasi waliishi akina mama vijana waliokuwa na kikundi chao. Kiongozi wao alikuwa Mama Brenda, mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Kila kilichoingia Kakamega, wao walikuwa nacho kabla ya wengine. Nywele za kali kiti, zile zilizotiwa dawa zikajikunja mawimbi, zilizodondosha mafuta kwenye kola. Magauni yenye sponji mabegani. Viatu vya watoto vinavyolia kwi kwi kila mtoto akipiga hatua. Watoto wao walipewa majina ya wanawake wa kwenye vipindi vya televisheni, na kila mtoto akitimiza mwaka walimpeleka studio akapigwe picha mbele ya pazia lililochorwa maua. Mmoja akibeba mimba, walimshonea gauni la uja uzito lenye tai kubwa ya kipepeo kifuani, wote kwa fundi mmoja. Wakaenda kliniki pamoja wamevaa hivyo, kama kwaya.

Niliwadharau. Sitatafuta neno laini. Nilimwambia Shivachi kwamba wale wanawake hawana kitu ndani, ni kioo tu. Nilipobeba mimba yangu ya kwanza, Mama Brenda alikuja na kipande cha kitambaa cha manjano.

"Mwalimu, tumekuchagulia rangi. Hii itakung'arisha."

"Asante, lakini mtoto wangu hahitaji tai," nikamjibu.

Alicheka, akakunja kitambaa chake. "Haya. Na kliniki je? Si utembee na sisi Alhamisi? Wanapima presha, wanapima mkojo, halafu tunapitia chai."

Nilikuwa nimeenda kliniki mara moja tu. Ratiba ya mitihani ilinibana, na moyoni nilikwisha kuamua kwamba kwao kliniki ni mahali pa kuonyeshana magauni. Bibi yangu alizaa watoto tisa bila kupimwa mkojo. Hivyo ndivyo nilivyosema, mimi niliyekuwa naulizia kila kitu. Hilo sikuliulizia.

Mwezi wa saba wa mimba miguu yangu ilianza kufura. Nilibonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu na shimo likabaki. Mama mkwe alikuja kutoka Iguhu, akanitazama, akafurahi. "Umenawiri, mwanangu. Huyo ni mvulana." Walimu wenzangu nao walinisifu kwamba nimenenepa vizuri. Ni Mama Brenda peke yake aliyenisimamisha njiani na kunikagua kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Mwalimu, hiyo sura si yako. Pua imepanuka, macho yameingia ndani. Na pete iko wapi?"

"Imenibana. Nimeivua."

"Huu si unene. Mimi najua unene."

Nilikasirika. Niliona amezoea kupima watu kwa sura. Nikaenda zangu.

Baada ya wiki hivi, kichwa kilianza kuniuma mbele, maumivu ambayo dawa za dukani hazikuyagusa. Niliona vimulimuli vikicheza pembeni mwa macho. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na maumivu kama mtu ananiminya kwa ngumi. Mkojo ulikuwa kidogo sana, mweusi kama chai ya rangi. Asubuhi moja nilikuwa ubaoni, nimeshika chaki, nikaona maandishi yangu yanafutika upande mmoja. Niliwaambia wasichana wafungue vitabu. Sikumbuki nilichosema baada ya hapo. Wao ndio walioniambia baadaye kwamba nilianguka, nikatukutika mwili mzima, na damu ikanitoka mdomoni kwa sababu nilikuwa nimejiuma ulimi.

Nilizinduka katika giza. Ulimi ulijaa mdomo mzima. Tumbo lilikuwa limekatwa na kushonwa, na mpira wa mkojo ulikuwa umeniingia. Nilisikia vyombo vikigongana na watu wakiongea kuhusu ugali, nikajua ni mchana.

"Washeni taa," nikasema.

Halafu mkono wa Shivachi ukanishika. "Ayuma, taa haijazimwa."

Daktari alikuja, akanifungua kope moja moja. Alikuwa na sauti ya kijana aliyechoka. "Ulipata kifafa cha mimba, mama. Presha ilipanda mno. Macho yenyewe hayana shida, ni ubongo uliofura. Mara nyingi wagonjwa huona tena."

"Mara nyingi ni kusema nini?"

"Ni kusema si kila mara. Sitaki kukudanganya."

Nilimheshimu kwa jibu lile. Kisha nikauliza lile lililokuwa kubwa kuliko macho. "Na mtoto?"

Daktari alikuwa ameshaitwa kitanda kingine. Shivachi ndiye aliyejibu. "Ni msichana. Yuko sawa."

Hapo ndipo ugonjwa wangu halisi ulipoanza.

Lazima nieleze. Kwetu, mama aliyejifungua akiwa hoi, na mtoto akafariki, haambiwi. Hufichwa mpaka apate nguvu. Shangazi yangu wa Khwisero alifichwa hivyo nilipokuwa msichana mdogo. Mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa nyuma ya nyumba, na shangazi yuko chumbani anauliza. Watu wazima walitufundisha la kusema. Tukasema, "Yuko sawa. Amelala." Tulisema kwa sauti moja, ya upole, iliyoshuka mwishoni. Kwa hiyo niliijua sauti ile, na sasa niliisikia kwa mume wangu.

"Mleteni nimshike."

"Ni mdogo sana. Sista anasema hawezi kutolewa kwenye kisanduku cha joto."

"Nipelekeni basi."

"Bado una mpira, Ayuma. Na presha bado iko juu. Tulia kwanza."

Tulia. Na shangazi aliambiwa atulie.

Mama mkwe alipokuja nilimuuliza polepole, kama anayeuliza habari za shamba, "Mama, mtoto amefanana na nani?"

"Ah, ni baba yake mtupu."

Shivachi aliporudi nikamuuliza swali lile lile. "Ni wewe kabisa," akasema. "Mzuri sana."

Nikageuka ukutani. Kama ukuta ulikuwa upande ule.

Maziwa yalikuja. Matiti yaliwaka moto, yakawa magumu kama mawe, na sista alinifundisha kuyakamua ndani ya kikombe ili apelekewe mtoto. Nilikamua. Kikombe kilichukuliwa, na nyayo zikaenda zikapotea. Nikajiuliza wanayamwaga wapi. Kwenye sinki? Kwenye maua ya nje? Kila mara nilipokamua niliona mkono unayamwaga, na hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kukiona. Mwishowe nikakisukuma kikombe. Nikaacha na uji. Sista akanigombeza: "Mama, mtoto anahitaji maziwa!" Nikamwambia aache kuigiza. Mchungaji wetu alikuja akaniombea, na katika sala yake akasema "mtoto huyu uliyetupa." Nikatafuta maana hata hapo. Uliyetupa. Alikuwa akishukuru au akiaga?

Nataka msomaji aliye hospitalini ajue kwamba nilifika pale ambapo sikutaka kupona. Nilipanga kimya kimya. Nisile, ninywe kidogo tu wasigundue, mpaka mwili uchoke wenyewe. Sikulia. Niliona nimelielewa jambo ambalo wote walidhani wamenificha, na kulielewa huko ndiko kulikokuwa kunaniua.

Saa ya kuona wagonjwa, alasiri moja, nilinusa mafuta ya kali kiti kabla sijasikia viatu. Ko, ko, ko, vikaja mpaka kitandani. Nyuma yake kulikuwa na minong'ono ya wenzake wawili watatu.

"Mwalimu, ni Mama Brenda."

"Karibu," nikasema, nikingoja aseme mtoto yuko sawa.

"Nimetoka kumwona binti yako. Jameni, Mwalimu, huyo mtoto ni mbaya!"

Mmoja wa wenzake akasema kwa hasira, "Mama Brenda! Mtu haongei hivyo kwa mtoto wa mwenzake!"

"Si ukweli? Kwani mimi nimesema atabaki hivyo? Brenda wangu alizaliwa kama panya na sasa muone." Akavuta kiti, kikakwaruza sakafu. "Mwalimu, kichwa ni kirefu kama papai. Ngozi nyekundu, inabambuka kwa miguu. Mgongoni ana manyoya, manyoya kabisa, kama kifaranga. Hana nyusi."

Nilijaribu kuinuka. "Endelea."

"Sikio la kushoto limejikunja. Unajua chapati ikibanwa na sahani ile kona inalala? Hivyo. La kulia liko sawa. Nilitaka kulinyosha kidogo, sista akanipiga mkono."

"Kucha?"

"Laini kama ganda la kitunguu. Hazijafika mwisho wa kidole. Lakini vidole ni virefu, hivyo amechukua vyako, usijali. Pua bado haijaamua. Ndio maana kila mtu anasema lake."

"Anafanya nini?"

"Anapiga miayo. Ameniangalia hivi, akapiga miayo, kama mzee aliyechoshwa na baraza." Sauti yake ikapanda kwa hasira ya kweli. "Na hiyo kofia waliyomvalisha! Mwalimu, ni mbaya kuliko yeye. Sijui ilikuwa bluu, sijui kijivu, imepauka, uzi unaning'inia mpaka kwa jicho. Nimemwambia sista, msichana wa mwalimu hawezi kuvaa hiyo takataka. Amekataa niitoe. Kesho naleta nyingine, na atanikuta hapa hapa."

Nilimshika mkono. Nilishika kwanza bangili, kisha mkono. Hakuna mtu anayekasirikia kofia ya mtoto aliyekufa. Nilizunguka wazo hilo pande zote kama nilivyozoea, nikalipiga, nikalitikisa, nikakosa pa kulivunjia. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akitazama sura za vitu hakuweza kunidanganya juu ya sura. Hakuwa na uwezo huo.

Nililia mpaka mshono ukawaka. Wenzake walimlaumu, "Ona sasa umemuumiza." Nikasema, "Nipeni kikombe."

Maziwa yalikuwa yamepungua karibu kwisha. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi, nikapata matone yaliyofunika chini ya kikombe tu. Mama Brenda aliyachukua mwenyewe, na viatu vikaenda ko, ko, ko. Vikarudi. "Amemeza. Sista amempa na kijiko. Mengine yameingia kwenye kofia, na mimi nimefurahi." Nikaomba uji, nikaumaliza.

Kuanzia siku hiyo alikuja kila alasiri, akitoka kazini. Aliniambia ngozi imeacha kubambuka. Aliniambia nyusi ya kushoto imeanza. Nami nilikamua, nikala, nikakamua.

Macho yalirudi polepole. Kwanza giza likawa kijivu. Kisha nikajua dirisha liko wapi. Halafu alasiri moja, kitu cha manjano kilisogea mlangoni, kikaja kikubwa zaidi, na katikati yake palikuwa na tai ya kupita kiasi.

"Mama Brenda," nikasema, "hilo gauni ni baya sana."

Akapiga kelele mpaka sista akaja mbio.

Presha iliposhuka walinipeleka kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye kisanduku. Nilimwona kama mtu aonavyo kupitia maji. Sikutafuta uso kwanza. Nilitafuta sikio la kushoto. Lilikuwa limejikunja, kama kona ya chapati.

Namshukuru Mungu, na daktari ambaye hakunidanganya, na Shivachi aliyelala kwenye benchi la nje siku zote zile bila mimi kujua. Dada zangu mlio na mimba: mkifura uso na mikono, kichwa kikiuma na macho yakipiga vimulimuli, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na msingoje mtu awaambie mmenawiri. Nendeni kliniki hata kama mtaenda na watu wanaovaa tai. Na ninyi mnaowatembelea wagonjwa, acheni kusema mtoto yuko sawa. Semeni masikio yakoje. Semeni kofia ni ya rangi gani.

Tai bado sizipendi. Viatu vinavyolia kwi kwi bado vinanichosha. Lakini binti yangu sasa anakimbia Amalemba yote, na Mama Brenda amemnunulia jozi. Vikilia nje, naacha kalamu, nasikiliza mpaka vinyamaze, kisha natoka kuhakikisha.