Risasi Ambazo Mume Wangu Alikataa Kupiga

Leo mjukuu ameniuliza kama ni kweli babu yake alimwogopa nyati.

Jamani, ngoja niwaambie.

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Marungu. Mume wangu alikuwa na leseni ya kuwinda, na bunduki aliyotengenezewa na fundi. Risasi alizijaza baruti mwenyewe.

Siku hiyo nyati alikuwa amejeruhi mtu shambani. Kabla ya kumfuata, mume wangu alijaribu risasi moja kwenye kisiki.

Bunduki ikakataa kufunguka.

Aliigonga kwa kipande cha mti mpaka ganda la risasi likatoka. Lilikuwa limepasuka.

“Baruti imezidi nguvu,” akaniambia. “Risasi hizi nilizipima kule Wundanyi kwenye baridi. Hili joto la huku sikulifikiria.”

Jirani yetu Mwakio akamsihi, “Piga moja tu, ndugu yangu!”

“Nyingine itanilipukia usoni.”

Akazifungua zote na kumwaga baruti.

Basi wanaume wakaenda na mikuki. Mwakio alirudi amebebwa, ameshakufa.

Mjane wake alipita mlangoni kwetu miaka mingi bila kunisalimia. Mimi nilikuwa na mume ndani, yeye hana.

Ningekuwa yeye, hata mimi nisingesalimia.

Nyinyi je?