Bega la kaka yangu halikukataa chuma, lilitenguliwa mkutanoni

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea.

Nianze kwa kutenganisha mambo. Ajali ya kaka yangu sikuiona, niliambiwa. Bega lake baada ya operesheni nililiona, mkutano nilikuwamo, na eksirei niliishika kwa mikono yangu.

Habari kwamba "chuma kilikataa damu, kikaozea ndani, mkono ukafa" ni ya kusikia. Juzi imeandikwa humu jukwaani, kwa uhakika kabisa, na mtu ambaye wakati ule hakuwa amezaliwa. Nimeisoma kwa hasira, na hasira hiyo sitaificha.

Kaka yangu mkubwa, Salehe, alikuwa mpasua mbao katika misitu ya Usambara, juu ya Mazinde. Ilikuwa kazi ya msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, gogo lilimponda bega la kulia. Aliyenieleza ni mwenzake wa msumeno.

Hospitali moja kubwa, ambayo sitaitaja, ilikuwa na daktari mgeni wa mifupa. Aliondoa kichwa cha mfupa kilichosagika, akaweka cha chuma. Operesheni hiyo ilikuwa adimu mno nchini.

Siku ya kumruhusu, daktari alitupa amri moja, nami nikiwa mwalimu nilimfasiria kaka. Mkono upande juu kwa nguvu zake wenyewe. Asiuinue mtu mwingine.

Salehe alitii. Kila asubuhi alisimama ukutani akitambaza vidole kama buibui, leo juu kidogo kuliko jana. Majirani walicheka. Yeye alitaka kitu kimoja tu, kurudi kwenye msumeno. Kidonda kilikauka bila usaha. Akaanza kula kwa mkono wa kulia.

Someni hapo tena, ninyi wa "kukataa damu".

Ukaja mkutano wa kijiji kuhusu kupanua shamba la pamoja. Kura zilikuwa za kuinua mikono. Salehe aliunga mkono hoja, akainua wa kushoto.

Mwenyekiti akamwona. "Bwana Salehe, mkono huo ni wa msalani. Unapigia kura choo?"

Watu wakacheka.

"Mwenyekiti, huu wa kulia haupandi."

"Kwenye ugali unapanda."

Nilisimama nikaeleza amri ya daktari, neno kwa neno. Nikajibiwa kwamba pale si darasani, Mwalimu aketi. Kisha mgambo mmoja, jirani yetu kabisa, akasema ngoja amsaidie mzee wa mbao. Akaushika mkono kwenye kiwiko, akauvuta juu mpaka usawa wa kichwa.

Bega lililia. Nilikuwa karibu, nililisikia.

Kaka alikaa chini polepole, uso umejaa jasho.

"Basi," akasema Mwenyekiti, "imepita kwa kauli moja."

Tulimteremsha kwa machela hadi barabarani, tukapata lori. Eksirei ilionyesha kichwa cha chuma kimetoka mahali pake, kimesogea mbele. Hakikuwa kimevunjika. Hakikuwa kimeoza. Yule daktari mgeni alikwishaondoka nchini. Daktari mwingine alimlaza kwa dawa ya usingizi, akakirudisha.

Baadaye nilihamishiwa shule ya mbali, hivyo ya miaka iliyofuata siyasemei. Ninachosema ni hiki: operesheni ya bega haiishii chumba cha upasuaji. Chuma kinaweza kuingia usaha, kulegea au kutoka mahali pake, lakini kabla hujakilaumu, uliza bega lilifanywa nini lilipotoka hospitali. Na mtu akikwambia mkono wake haupandi, mwamini. Kijiji kizima kiliona, kisha kikaona ni nafuu kusingizia damu.

Mwenye bega la chuma, au aliyemuuguza mwenye nalo, achangie. Anayemjua binamu wa jirani wa mgonjwa, apumzike.

La mwisho nililoshuhudia ni hili. Kesho yake, baada ya chuma kurudishwa, daktari alitaka kujua kama mshipa wa fahamu wa bega ulikuwa mzima. Akamwambia kaka atazame dirishani, akaanza kumchoma kwa pini upande wa nje wa bega. Alichoma mara kadhaa, akishuka taratibu. Nikamuuliza kaka kama anahisi.

Akaniuliza, "Ameshaanza?"