Mti Nilioutaja Mimi

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Rumonge, kwa muuza ndagala. “Yule mama wa Kigwena tulimuzika jana,” aliniambia huku akinifungia samaki. Nikauliza alikuwa anaumwa nini. “Wanasema ni tansiyo, damu ilipanda. Ndivyo wanasema.” Alilirudia neno hilo kama mtu asiyetaka kuapa. Sina sababu ya kudhani kwamba mama yule alikufa kwa jambo jingine. Alikuwa mtu mzima, na moyo wake ulikuwa umechoka. Hata hivyo nimejikuta nalitilia shaka hata hilo, kwa kuwa karibu kila lililosemwa juu yake enzi za uhai wake lilikuja kuonekana si kweli, na mojawapo nililisema mimi, katika safu hii hii.

Sitamtaja jina. Alikuwa mjane, Mwislamu wa mjini kwetu aliyeolewa Kigwena, akikamua mawese ili apate kula na akitoa dawa za miti alizofundishwa na mama mkwe wake. Nilimfahamu mwaka ule ilipoundwa komite ya kuusimamia msitu wa Kigwena kwa ushirika. Mapatano yalikuwa mazuri kuyasikiliza: wanakijiji wangeulinda msitu pamoja na walinzi, nao wangeruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka, uyoga na dawa. Maofisa walitaka kwanza orodha ya miti na matumizi yake. Yeye aliwekwa kwenye komite kama mjuzi, nami nikaitwa kumfasiria kwa Kifaransa. Tulitembea siku tatu. Kila mti alioulizwa aliueleza kwa utulivu, nami nikaandika. Tulipofika kwenye mti mmoja mrefu wenye gome jeusi, ofisa akauliza kazi yake. Mama akaukwangua kwa ukucha, harufu kama ya kitunguu saumu ikatoka, akasema, “Huu hauna kazi. Ni kuni tu.” Nikafasiri hivyo.

Miezi michache baadaye mama yangu mzazi alishikwa na tumbo lililomlaza wiki nzima, nikampeleka kwa yule mama wa Kigwena. Alipolileta gome la kuchemsha nililitambua kabla halijafika jikoni, kwa harufu yake ya kitunguu saumu. Nikamwambia, “Mama, mti huu wewe ulisema hauna kazi.” Hakushtuka. Alisema, “Mwanangu, kulikuwa na mti mwingine kama huu, wa kifua. Nilimuonesha mutu mumoja wa kununua, akarudi na magunia. Sasa kautafute.” Mama yangu alipona. Mimi nikarudi nyumbani nikiwa na shukrani, na pia na hasira ya mfasiri aliyetumiwa kusema uongo. Sikukaa nayo. Nilikwenda kwa katibu wa komite nikamwomba orodha, nikaufuta mstari ule wa kuni, nikaandika kazi ya mti kwa mkono wangu. Nilijiambia huo ndio uaminifu wa kazi.

Msimu wa mvua haujakwisha, miti ya aina ile ikaanza kukutwa imebambuliwa magome. Nani alijua thamani yake? Kila mtu alifikiri jina moja. Kisha mlinzi akamkuta mama ndani ya msitu akiwa na kisu na kikapu chenye udongo, na komite ikaitisha mkutano. Nilikuwapo. Katibu alimwuliza alikuwa akifanya nini mle ndani, naye akajibu, “Natibu.” Anatibu nini? Akainamia mkeka aliokalia. Mzee mmoja akamwambia mficha uchi hazai, watu wakacheka, naye akaendelea kuutazama. Walimtoa kwenye komite na kumkataza kukanyaga msituni. Wiki iliyofuata niliandika hapa juu ya watu wanaolinda msitu kwa mkono mmoja na kuubomoa kwa mwingine. Sikutaja jina, na hapakuwa na haja. Wasomaji wengi walinipongeza.

Lakini magome yaliendelea kutoka, tena kwa wingi kuliko kwanza. Hapo ndipo nilipomwomba yule mlinzi anipeleke nikaone. Miti mingi ilikuwa imezungushiwa panga kutoka shinani hadi usawa wa kichwa, imekauka. Michache ilikuwa na jeraha dogo la upande mmoja, upana wa kiganja, la zamani, na gome lilikuwa linajifunga. Mingine ilikuwa imebambuliwa vibaya lakini ilikuwa hai, kwa sababu mtu alikuwa ameipaka udongo na samadi na kuifunga kwa majani ya mgomba. Majani yalikuwa yamekauka. Hakuna aliyeyabadilisha tangu mkutano ule. Mlinzi aliitazama miti, akanitazama mimi, akasema, “Muzee, huyu aliyekata amejua mti kutoka wapi?” Nilimwambia sijui. Nilijua.

Nilimkuta mama uani kwake, anachuja mawese. Nilimweleza habari ya orodha, neno kwa neno, nikisubiri anifukuze. Alimaliza kuchuja kwanza. “Ninajua,” alisema. “Mti ule nilikuonesha wewe peke yako.” Nikamwuliza kwa nini hakusema mkutanoni, akaacha watu wamcheke. “Ningesema natibu mti, wangeuliza mti gani. Wengine pale walikuwa hawajaujua bado.”

Niliandika kusahihisha, kwa herufi ndogo kuliko za kosa, kama ilivyo desturi yetu. Komite ilimwomba arudi. Alikataa kiti, akakubali msitu. Aliwafundisha wanawake wawili kwa kutembea nao, bila karatasi, na kwa mkono wao baadhi ya miti ile imesimama mpaka leo. Mwenye panga hakupatikana. Funguo za kabati lililokuwa na orodha zilikuwa kwa watu watatu, na wote watatu hunisalimia vizuri sana. Nami huwaitikia, na kila mara najiuliza ni yupi, kisha nakumbuka kwamba wa nne ni mimi, na ndiye wa kwanza.

Tumezoea kusema kwamba wazee wanakufa na elimu yao kwa uchoyo, kwamba ushirika maana yake kila kitu kiwekwe mezani. Siku hizi sisadiki hivyo. Meza huwa na watu wengi, na wenye haraka ya kuandika mara nyingi si wale watakaobaki kuishi na mti. Kuulinda msitu pamoja ni kukubali pia kwamba yako mambo ambayo mwenzako anayajua na wewe huyajui, na ukalala salama bila kuyajua. Yule mama alinishuku tangu siku ya kwanza, na bado alimtibu mama yangu kwa gome lile. Mimi nilimwamini mpaka siku aliponificha jambo, kisha nikamtangaza. Kati ya shaka yake na imani yangu, iliyoua miti ni imani yangu.